Nusu ya Mahadhi Iliyobaki kwa Bi Nora

Nyumba yenye mwanamke wa eda haifukizwi udi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua kuhusu msiba, kabla sijaelewa mengine. Zamani fleti yetu ya Cricklewood, hapa London, ilinuka udi kila Ijumaa na karafuu kila mama alipopika pilau. Jumapili ilinuka ulimbo, ile gundi kavu ya rangi ya asali ambayo wapiga fidla huisugua kwenye upinde ili nywele zake zishike nyuzi. Baba alipofariki, harufu zote hizo zilitoka mlangoni pamoja naye. Tukabaki na harufu ya hita, ya chuma na vumbi linaloungua, na harufu ya mkate wa Bi Nora iliyopanda kutoka chini. Fleti yake ilikuwa chini ya yetu, na nyumba zile za zamani zilikuwa na sakafu za mbao zisizojua kuficha siri ya mtu. Hata leo nikipita mahali panapookwa mkate wa unga mzito usiotiwa hamira, moyo wangu hurudi kwenye msimu ule wa baridi, nami hujikuta nimesimama pale barabarani kama niliyesahau kitu.

Nilikuwa na miaka kama kumi, mtoto pekee wa nyumba ile. Baba alikuwa mtu wa Ng'ambo, Unguja, na London aliendesha basi. Mwisho wa wiki alipiga fidla katika kikundi cha taarab cha Wazanzibari wenzake, kwenye harusi zilizofanywa katika kumbi za kukodi, ambako mabibi walivaa dhahabu juu ya masweta. Alikuwa mtu wa kucheka na mtu wa kuanza mambo. Kumaliza ndiko kulikomshinda. Sebuleni kwetu palikuwa na rafu aliyoipaka rangi upande mmoja, akasema upande wa pili ataupaka jua likitoka, na jua la London mnalijua. Alianza kunifundisha kuogelea, nikaishia kujua kuelea tu. Mama, ambaye ni mtu wa Wete, Pemba, alikuwa akimwambia kwamba siku ya kiyama ataulizwa habari ya nusu zake zote. Baba hujibu kwamba Mwenyezi Mungu ni msamehevu, na kwamba haraka haraka haina baraka.

Bi Nora alikuwa mama wa Kiayalandi, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa myekundu daima. Alikuja London akiwa msichana, akafanya kazi ya jikoni hospitalini mpaka akastaafu, wala hakuolewa. Jumapili mchana, akishatoka kanisani na kuweka mkate ovenini, alitoa fidla yake ukutani akapiga jikoni kwake, peke yake, kama mtu anayezungumza na sufuria. Baba akiwa hana zamu alivua viatu, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni yetu na kuweka sikio kwenye mbao. Mama alimruka akienda na kurudi na vyungu. Kulikuwa na mahadhi mamoja aliyoyapenda kuliko yote, yenye mwendo wa haraka wa kurukaruka. Mara ya kwanza alipoyasikia aliinua kichwa akatuambia, "Hii ni chakacha. Bi mkubwa huyu anapiga chakacha na mwenyewe hajui." Basi akawa anayasikiliza, anainuka, anachukua fidla yake na kuyatafuta kwa kidole. Akipotea alipiga kisigino sakafuni, na Bi Nora kule chini alirudia pale pale. Akipatia, Bi Nora aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Walijuana hivyo kwa muda mrefu kabla hawajawahi kukaa meza moja, na hata walipokutana ngazini walisalimiana kwa haya kidogo, kama watu waliokwisha kuambiana mengi.

Lazima nieleze mambo mawili, ili anayesoma asipotee. La kwanza ni kwamba mahadhi ya watu wa kwao Bi Nora yana sehemu mbili. Unapiga ya kwanza mara mbili, kisha ya pili mara mbili, halafu unarudi mwanzo. La pili ni kwamba fidla ya baba haikuwekwa sauti kama ya Bi Nora. Wapiga taarab wa kwetu hulegeza kidogo nyuzi mbili zilizo nyembamba, kama wafanyavyo Waarabu, ili kidole kipate kuteleza na kulia vizuri. Kwa hiyo baba alipoipata ile sehemu ya kwanza aliipata kwa namna yake. Kulikuwa na mahali karibu na mwisho ambapo Bi Nora alipiga sauti moja safi kama kengele. Baba hapo aliteleza kutoka chini, akapanda taratibu, akasita kabla ya kufika, kama mgeni anayesimama mlangoni akisubiri kukaribishwa. Sehemu ya pili hakuipata. Alisema itakuja, haina haraka. Mwanzoni mwa msimu wa baridi moyo wake ulisimama akiwa kazini, wakati wa mapumziko, kikombe cha chai mkononi. Na hiyo nayo ikawa nusu.

Mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hakutoka nje ila kwa dharura, hakujipaka wanja, hakujifukiza, hakuvaa nguo ya rangi kali. Wanawake wa Kizanzibari walikuja kwa zamu wakaleta vyakula na kusoma naye, kisha, kama kawaida ya mji huu wa watu wenye kazi, wakapungua. Aliyebaki ni wa chini. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Bi Nora alipanda ngazi karibu kila siku na mkate wake umefungwa kwenye kitambaa, akakaa kidogo na mama. Wawili wale hawakuwa na lugha moja. Mama alikuwa na Kiingereza cha dukani tu, na Kiingereza cha Bi Nora kilikuwa na lafudhi ambayo hata mimi niliyezaliwa hapa ilinishinda nyakati nyingine. Walikaa tu. Bi Nora alizungusha kofia yake mkononi, mama alivuta tasbihi, na baada ya chai mmoja alisema ndiyo na mwingine akasema ndiyo, kisha Bi Nora akashuka.

Lakini Jumapili zilikuja zikapita bila fidla kusikika. Mama ndiye aliyeona kwanza. Siku moja akiwa anachambua mchele aliacha mkono ndani ya ungo, akasikiliza, kisha akaniambia nishuke nikamuulize Bi Nora kama anaumwa. Nilishuka. Jikoni kwake palikuwa na joto zuri, oveni ikiwaka, na fidla ilining'inia ukutani juu ya friji kama sufuria isiyotumika. Nikamuuliza. Akasema kwamba kwao, kijijini alikozaliwa, nyumba ikifiwa majirani wanafunga ala zao mpaka wenye msiba waseme basi. "Siwezi kuwapigia ngoma chini ya miguu," alisema. "Mwambie mama yako nasubiri." Nilipanda nikamweleza mama. Aliendelea na mchele. Lakini usiku ule alipoomba dua zake nilimsikia akilitaja jina la Bi Nora miongoni mwa watu wetu, na alilitamka kwa shida.

Wakati huohuo Ami Khamis, mdogo wake baba na mpiga ngoma ya dumbaki wa kikundi kilekile, alikuja kumuona shemeji yake na baada ya mazungumzo marefu ya hali na afya akalitoa lililomleta. Kikundi kilikuwa kimebaki na fidla moja, na mwenye fidla hiyo alikuwa mzee wa mikono ya kutetemeka. Fidla ya marehemu ilikuwa nzuri, alisema, na fidla ni kama farasi, isipopandwa hufa. Mama alimsikiliza. Hakumkatalia, kwani Ami alikuwa na haki yake ya kusema na maneno yake hayakuwa mabaya. Alimwambia tu, "Ngoja nitoke eda, shemegi." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilipanga moyoni, kwa ukaidi wa mtoto, kwamba fidla haitaondoka kabla sijaipigia yale mahadhi ya baba yakiwa kamili, na sehemu ya pili ndani yake. Nilijua wapi pa kuipata. Ilikuwa chini ya sakafu yetu, imening'inia juu ya friji.

Shida ilikuwa kwamba mama alikuwa amekataza. Alilitoa sanduku la fidla kwenye korido, mahali ambapo baba aliliweka siku zote na ambapo palikuwa na baridi kali, akaliingiza chumbani kwake na kuliegemeza karibu na hita. Hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. "Usiziguse nyuzi za baba yako," aliniambia. "Zimekaa kama alivyoziacha." Alilisema bila ukali, ndiyo maana sikuweza kubisha. Nilielewa, hata katika udogo wangu, kwamba nguo zimefuliwa, viatu vimegawiwa, na katika nyumba nzima kilichobaki kama mikono yake ilivyokiacha ni mkazo wa nyuzi nne ndani ya sanduku.

Kwa hiyo nilijifunza bila fidla. Nilimwambia Bi Nora nataka ile sehemu ya pili, naye akasema fidla amefunga, na nyumba yangu imefunga, lakini mdomo haukufungwa. Kwao wana desturi ya kuimba mahadhi bila maneno, di-dili-da, di-dili-da, kwa ulimi na meno, pale ambapo ala hazipo. Ndivyo alivyonifundisha. Nilikaa kwenye stuli nikimenya viazi vyake, yeye akikanda unga, akatoa kipande kidogo cha sauti, kidogo kama tonge la mtoto, na mimi nikakirudisha. Nikikosea hakusema nimekosea. Alikirudia tu, na kurudia, mpaka kinywa changu kikaona aibu chenyewe. Nilimwomba aniandikie, kwa maana shuleni mwalimu wa muziki alikuwa akituandikia. Akacheka mpaka unga ukamwagika. Alisema mahadhi haya hakuna aliyempa kwa karatasi, na kwamba yakitoka karatasini yanakuwa kama chai ya jana. Kisha akaniuliza swali ambalo alikuwa akiniuliza kila mara, mpaka nikalizoea kama salamu: "Na sehemu ya kwanza umeipata kwa nani?" Kwao hilo ndilo la lazima. Mahadhi yenyewe hayakuwa na jina. Yeye aliyapata kwa mjomba wake, mjomba aliyapata kwa fundi wa viatu, na hapo nyuma hakujua. Ukipiga bila kujua ulipata kwa nani, alisema, unapiga kama mwizi.

Nilimjibu kwamba sehemu ya kwanza nimeipata kwa baba. Hapo sikuwa nimesema kweli yote, ingawa sikujua. Nilidhani ninayo. Siku moja jioni nilikuwa naosha vyombo, na kinywa changu kikaanza chenyewe, di-dili-da, sehemu ya kwanza, nikiipiga sahani kwa kijiko. Mama alikuwa sebuleni na tasbihi. Nilipofika karibu na mwisho nikasikia sauti yake.

"Siyo hivyo."

Nilidhani anakataza kuimba. Nikanyamaza, nikaomba radhi.

"Sikusema unyamaze," akasema. "Nimesema siyo hivyo. Umeimba kama Bi Nora. Baba yako pale alikuwa anateleza."

Nikamuuliza vipi. Mama yangu hakuwa na sauti ya kuimba, Mungu amrehemu. Baba alikuwa akimtania kwamba akisomea mtoto wa mtu maulidi mtoto ataamka. Alikuwa mwanamke wa eda, na nyumba ya eda si nyumba ya nyimbo. Nilimwona anaitazama picha ya Makka iliyokuwa juu ya ile rafu ya nusu rangi. Kisha, kwa sauti ndogo ya kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, akaiimba ile sauti moja. Ilianza chini, ikapanda taratibu, ikasita kabla ya kufika. Aliirudia. Akaniambia nijaribu, nikajaribu, akatikisa kichwa. "Umefika mapema mno. Yeye alikuwa hafiki." Tulisimama pale, yeye na tasbihi, mimi na sponji, mpaka maji ya kuoshea yakapoa. Miaka yote alipokuwa akimruka baba pale sakafuni na vyungu mkononi, akilalamika, alikuwa anasikiliza. Mimi niliyekaa karibu na baba kwa mapenzi sikulisikia lile. Yeye aliyekuwa akikaanga samaki ndiye aliyelihifadhi.

Kesho yake nikamwimbia Bi Nora. Alipoisikia ile sauti aliinua mikono kwenye unga. Nilidhani atanirekebisha, kwa kuwa kwake ilikuwa sauti safi, na mimi sasa nilikuwa nimeipinda. Akaniuliza, "Hiyo umeipata kwa nani?" Nikasema kwa mama, mama kaipata kwa baba. Akafuta unga viganjani. Kisha akasema alikuwa akiisikia ikipenya darini, na mwanzoni alidhani jirani hawezi. Akagonga kwa ufagio, akarudia, na jirani akarudi na kosa lilelile, kila Jumapili, mpaka yeye mwenyewe akaanza kuingoja. "Iache hapo," aliniambia. "Lakini sehemu ya pili ni ya mjomba wangu, usiipinde."

Eda ilipokaribia mwisho nilirudi kutoka shule siku moja nikamkuta mama amekaa kitandani, sanduku la fidla mapajani, halijafunguliwa. Alisema amesikia kitu kikianguka ndani. Alikuwa anaswali, akasikia mlio, pa, halafu kama sauti ya nyuzi zinazokufa. Akanisubiri tufungue pamoja. Tulipofungua, nyuzi zote nne zilikuwa zimelegea, zimejikunja kama nyuzi za pindo la shuka kuukuu, na kile kibao chembamba kinachozinyanyua, ambacho baba alikiita farasi, kilikuwa kimeanguka. Mti wa fidla ulikuwa mkavu, wa moto kidogo ukiugusa. Bi Nora alikwishaniambia, alipokuwa akinieleza kwa nini ya kwake haikai karibu na oveni, kwamba fidla haiogopi baridi, inaogopa joto kavu. Vigingi vya kukazia nyuzi hunywea na kuteleza. Nilimweleza mama hivyo, nikajuta nilipomaliza kulisema. Kwetu Pemba hakuna hita. Huko kitu kinaharibiwa na unyevu, na mtu mwenye mapenzi hukiweka pakavu.

"Niliiweka hapa isipate baridi," mama akasema.

Aligusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole. Ulikuwa hauna mkazo wala sauti. Tulifungua siku ile, lakini nani ajuaye nyuzi zile zilianza kulegea lini. Huenda ni wiki ile ile ya kwanza, na yeye amekuwa akilala kando ya sanduku akidhani ndani yake mkono wa baba bado upo. Hakulia. Alisema ile methali ambayo watu wa kwetu huisema wakiishiwa na la kufanya: "Cha kuvunda hakina ubani." Kisha akafunga sanduku na kunipa. "Mpelekee Bi Nora. Airekebishe, aiweke sauti anavyojua yeye. Mwambie mwenye msiba ameruhusu."

Bi Nora alikisimamisha kile kibao, akavipaka vigingi chaki kidogo, akakaza nyuzi kwa uvumilivu wa siku kadhaa, kidogo leo na kidogo kesho, ili mti usishtuke. Aliziweka sauti za kwao. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha za baba. Mimi nikaanza kupiga kila siku baada ya shule, na nilipiga vibaya. Sitawapamba. Kinywa kilijua mahadhi yote lakini vidole havikuwa na habari, na upinde ulilia kama paka aliyekanyagwa. Bi Nora aliniongoza kwa mdomo. Fidla yake mwenyewe haikushuka ukutani. Alisema ruhusa ile ilikuwa ya mtoto wa nyumba, siyo ya jirani.

Siku eda ilipokwisha mama alioga, akavaa kanga mpya aliyotumiwa na dada yake, akafukiza udi. Harufu iliingia kila chumba na mimi nikasimama katikati ya sebule nikiivuta kama mtu aliyetoka kuzama. Ami Khamis alikuja mchana, nadhifu, na mfuko wa maembe ya dukani, akauliza fidla iko wapi. Mama akamwambia iko chini. Basi mahali pa kwanza alipokwenda mama yangu baada ya eda yake hapakuwa sokoni wala kwa jamaa. Alishuka ngazi moja, Ami nyuma yake, akagonga mlango wa Bi Nora. Tulikaa wanne kwenye meza ya jikoni. Bi Nora alikata keki yenye zabibu, na Ami akaninong'oneza nimuulize kama ina pombe ndani. Mama ndiye aliyemjibu. "Kula, shemegi. Nimekula cha mikono hii eda nzima, na sijalewa."

Ami alichukua fidla, akapitisha kidole kwenye nyuzi zote, akakunja uso. "Hii imewekwa kizungu," alisema. "Si neno, naweza kuirudisha sasa hivi." Na mkono wake ukashika kigingi. Nilimtazama mama. Nilijua kwamba kikizungushwa kile, fidla imekwisha kuwa ya kikundi, na mimi sina langu.

"Ngoja, shemegi," mama akasema. "Mtoto apige kwanza."

Nikapiga. Sehemu ya kwanza ilikwenda, na pale karibu na mwisho nikateleza kama mama alivyonionyesha, nikasita, sikufika. Sikuthubutu kumtazama mtu. Nikairudia. Nikaingia ya pili, ikaenda mara moja kwa kuchechemea, na nilipoirudia nikapotea katikati. Vidole vilisimama. Kilichofuata nakumbuka kwa masikio zaidi kuliko kwa macho: kiti cha Bi Nora kikisogea, msumari wa ukutani ukitoa mlio mdogo, na ile fidla iliyonyamaza tangu siku ya msiba ikachukua palepale nilipoangukia, ikanivuta mkono, tukarudi wote mwanzo. Mara ya pili nikasikia kitu kingine chini ya mahadhi, kavu, cha haraka. Ni vidole vya Ami. Vilikuwa vinapiga chakacha kwenye meza ya Bi Nora, na nadhani mwenyewe hakuviona. Mpaka tulipofika kwenye ile sauti, hapo vilisimama.

Tulipomaliza, Ami aliondoa makombo ya keki kwenye shati lake, moja moja. Akasema kaka yake hakuwahi kumaliza kitu.

"Fidla inakaa," mama akamwambia. "Ina mtu."

Hakufurahi, sitasema uongo. Kikundi kilikuwa na shida ya kweli, na ilichukua muda kabla hawajapata fidla nyingine. Alifikiri labda, na sikumlaumu, kwamba fidla ya taarab imepotelea kwa Wazungu. Lakini mlangoni aligeuka, akanivuta sikio kidogo. "Basi na ile rafu mmalizie rangi," akasema. Mama alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu msiba, na alijiziba mdomo haraka kwa upindo wa kanga, kama aliyekosa adabu.

Sasa mimi ni mtu mzima. Shule sikuisoma mbali. Nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Stanmore, na baadhi yao ni Wahindi waliotoka Nairobi na Kampala, ambao huniomba maji kwa Kiswahili wakisahau Kiingereza. Bi Nora alirudi kwao uzeeni akazikwa huko. Cricklewood imebadilika, na chini ya fleti yetu ya zamani wamepangisha vijana wanaovaa vifaa masikioni. Hawasikii dari wala dari haiwasikii. Fidla nimeipiga miaka yote hii, kwa siri kidogo, kwa kuwa si mpigaji mzuri. Mwaka huu mama amefariki. Tumemzika kama alivyotaka, na mimi nimefunga sanduku na kuliweka kwenye korido, penye baridi, na kitambaa chenye unyevu ndani yake. Dini yangu hainilazimishi hilo kwa mzazi kwa muda mrefu hivi. Nimelichukua kwa Bi Nora. Nasubiri tu mpaka niseme basi.

Binti yangu Salma anaelewa Kiswahili chote lakini hunijibu kwa Kiingereza, kama wenzake. Majuzi alinionyesha simu yake. Ameyapata yale mahadhi humo, na yana jina, tena majina mawili matatu, na watu wengi wanayapiga, wa Ayalandi, wa Amerika, hata msichana mmoja wa Japani, vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Tulisikiliza mmoja baada ya mwingine. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Lakini hakuna hata mmoja aliyeteleza pale. Salma akaniambia, kwa upole, kwamba inaonekana mimi ndiye ninayekosea. Nikamwambia ndivyo babu yako alivyoipiga. Nilipolala nililifikiria jibu langu, nikaona siwezi kuliapia. Mimi ile sauti sikuipata kwa baba. Niliipata kwa mama asiyejua kuimba, aliyeisikia akikaanga samaki, na nimeibeba miaka mingi kwa vidole vizito. Huenda imesogea. Huenda baba akiisikia leo ataniuliza ni kitu gani hicho. Zamani nikiwa na shaka niliipiga mama akiwa jikoni, nikasubiri aseme siyo hivyo, na asiposema nikajua bado ipo. Hicho ndicho nilichozika mwaka huu. Watu wakinipa pole kwa kupoteza mzazi nashukuru, lakini sijui niwaelezeje kwamba amekwenda wa kunirekebisha.

Jana jioni Salma alikuwa anaosha vyombo na kinywa chake kikaanza chenyewe, di-dili-da, kama kwenye simu. Alipofika karibu na mwisho akapiga sauti safi, kama kengele. Nilikuwa sebuleni na tasbihi ya mama.

"Siyo hivyo," nikasema.

Maji ya bomba yakafungwa. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, basi ni vipi. Fidla iko kwenye sanduku na sanduku limefungwa. Nikainuka, nikasimama mlangoni pa jikoni, nikamwimbia kwa mdomo.